“Mwalimu, hawa wanyama hawana kazi”

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

“Shikamoo mzee. Agosti iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu 46 wa darasa la tano Nanenane, pale viwanja vya Ngongo, Lindi. Wazazi walichanga nauli kwa shida maana hela ya korosho ilikuwa bado. Watoto walichokingojea ni wanyamapori. Tulipanga foleni juani karibu saa nzima. Simba alikuwa amelala, katupa mgongo. Watoto wakapiga kelele, hakugeuka. Dakika chache baadaye wakaanza kuulizia aiskrimu. Kobe, chatu na nungunungu waliwapita kama wanaopita ua wa jirani. Mmoja akaniambia, ‘Mwalimu, hawa wanyama hawana kazi.’ Nikakosa la kumjibu, maana na mimi nilikuwa nimechoka. Kosa ni la watoto, la wanyama, au la waliowaleta? Na mwaka huu niwapeleke tena, au hela hiyo tununulie vitabu?”

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno ya huyo mtoto. Nimetunza wanyama wa kwenye bustani kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Mikindani. Nimeongoza wageni wa kila aina. Sikumbuki mtu mzima aliyelisema jambo hili sawasawa kama alivyolisema yeye.

Hawana kazi, kweli. Mnyama wa porini siku yake yote ni kazi: kutafuta chakula, kutafuta maji, kulinda eneo, kukwepa adui, kutafuta mwenza, kulea. Ukimtia kizimbani ukamletea nyama saa nne na maji saa kumi, umemwachisha kazi zote hizo kwa siku moja. Sasa mtazame na mtoto. Amesafiri kutoka Masasi, amepigwa na jua, kasimamishwa mbele ya wavu, na hakuna aliyemwambia atazame nini. Naye hana kazi. Ukiwakutanisha wawili wasio na kazi, watachokana tu.

Tuanze na simba, kwa kuwa ndiye aliyewaangusha. Simba mzima huweza kupumzika hadi saa 20 kati ya saa 24, na hiyo si tabia ya kizimbani. Nenda Hifadhi ya Taifa Nyerere saa saba mchana, utamkuta chini ya mti kalala chali, miguu juu. Mwili wake ni mkubwa, joto ni kali, na mawindo yake mengi huyapata gizani. Ninyi mlimkuta saa zake za kulala. Ni kama mtu aje hapa Mikindani saa nane mchana, amkute mvuvi wa dagaa kalala barazani baada ya kukesha baharini na taa, kisha arudi kwao aseme wavuvi wa Mikindani hawana kazi.

Huo mfano wa mvuvi sikuutoa hewani. Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa yake haivuti samaki. Simba naye ana kalenda ya namna hiyo, na watu wa mikoa yetu wameijua kwa machungu. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na huku kusini mashariki ndiko tulikoumia sana. Watafiti waliofuatilia vifo hivyo walikuta vingi vimetokea mashambani wakati wa mavuno. Nguruwe pori waliingia kwenye mazao, wakulima wakalala kwenye madungu kuyalinda, na simba wakawafuata nguruwe wakakutana na watu. Baadaye mashambulizi hayo yalipolinganishwa na mwezi, ilionekana yanazidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kutoka, kwa hiyo jua likishazama kunakuwa na saa za giza totoro wakati watu bado wako nje, na simba hakushiba vizuri katika usiku wa mwanga uliopita.

Katika wanafunzi wako 46 sitashangaa kama wapo wenye bibi au babu anayeikumbuka miaka ile: milango ikifungwa saa kumi na mbili, watu hawaendi chooni peke yao, na maneno ya simba wa kutumwa kila kona ya kijiji. Watoto wangepanda basi wakiwa wamesikia habari hizo kwa wazee wao, nadhani wasingempigia kelele yule simba. Wangemtazama masikio. Simba aliyelala masikio yake huendelea kufanya kazi. Hugeuka moja moja, kila moja upande wake, kufuata sauti. Nimewaonesha watoto jambo hilo mara nyingi, na wakishaliona mara ya kwanza hunyamaza wenyewe, maana wanatambua kwamba anawasikia.

Kuna watakaosema tatizo ni kwamba mnyama hasogei. Kwa sisi wa kusini hoja hiyo ina jibu letu wenyewe. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, huko Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mamia ya watu wa huku ndio waliochimba, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kichwani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Iliyosafirishwa ilizidi tani 200. Mjusi mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, akaunganishwa upya mwaka 2007, na mwenyewe hasogei hata kidogo. Hapumui, hageuki, hana hata ngozi. Watu hulipa kiingilio wakasimama chini yake shingo zimewauma kwa kutazama juu. Kwa nini hawamchoki? Kwa sababu wamefika pale na swali: kiumbe huyu aliishije, alikula nini, shingo ile aliibebaje? Jumba limewapa cha kujiuliza kabla hawajamfikia.

Mapya nayo huvuta, lakini huisha haraka. Mwaka 1826 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alimpelekea mfalme wa Ufaransa twiga jike mdogo aliyekamatwa Sudani. Alishushwa bandari ya Marseille, na mwaka 1827 akatembea kwa miguu kutoka huko mpaka Paris, siku 41, akiwa na ng'ombe wa kumpa maziwa njiani. Wafaransa hawakuwa wamewahi kumwona twiga aliye hai katika nchi yao. Walijaa barabarani. Paris kukawa na mitindo ya nywele ya twiga, vitambaa vya twiga, sahani za twiga. Miaka michache baadaye hakuna aliyemjali tena, ingawa aliishi bustanini pale hadi 1845. Twiga alikuwa yule yule, shingo ile ile, macho yale yale yenye kope ndefu. Aliyebaki naye ni Atir, mtunzaji aliyetoka naye Sudani, ambaye kila siku alimpiga brashi. Huyo nadhani hakumchoka. Alikuwa na kazi naye.

Sasa nije upande wa pili, kwa sababu sitaki kumtwika mgeni lawama zote. Kuna wanyama wanaochosha kwa kuwa sisi watunzaji tumewachosha kwanza.

Katika bustani moja niliyofanyia kazi tulikuwa na chui jike. Banda lake lilikuwa safi, sakafu ya saruji nusu na udongo nusu, chakula hakikosi, daktari anakuja. Lakini kila siku, kuanzia asubuhi, alitembea kandokando ya wavu: hatua kumi na moja kwenda, anageuka kwa bega lile lile, hatua kumi na moja kurudi. Upande wa udongo alichimba njia kama ya ng'ombe wanaokwenda kisimani. Wageni walidhani anafurahi, wakasema “huyu angalau anatembea.” Mimi niliyemwona kila siku nilijua yule mnyama anaumwa, ingawa hana jeraha. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uingereza, Ros Clubb na Georgia Mason, waliwalinganisha wanyama walao nyama wa aina 35 waliofungwa. Walikuta kwamba ambao porini huzunguka maeneo makubwa ndio wanaozidi kutembea hivi wakiwa kizimbani, na watoto wao hufa kwa wingi zaidi. Niliposoma habari hiyo nilimwona chui wangu.

Tulichofanya hakikugharimu pesa nyingi. Tulimpandishia gogo refu lenye panda, nyama tukaacha kuiweka chini, tukawa tunaifunga juu ya gogo, leo upande huu, kesho ule, siku nyingine hatuleti kabisa, kwa kuwa chui wa porini hali kila siku. Tulimwagia kinyesi kibichi cha swala kwenye kona mbalimbali ili pua yake ipate habari. Na tulimjengea kichaka cha kujificha. Mkubwa wangu alipinga hilo la kichaka: “Wageni wanalipa wamwone, wewe unamficha?” Ilichukua kama wiki mbili. Chui akaacha ile njia yake, akawa analala juu ya gogo mbele za watu, kwa sababu alijua akitaka kuondoka anayo pa kwenda. Mnyama asiye na maficho hugeuka mgongo. Hiyo ndiyo njia pekee ya kujificha aliyobakiwa nayo, na huenda simba wenu wa Ngongo alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Hapa niseme wazi kuhusu maonesho. Mnyama aliyepakiwa kwenye lori, akasafirishwa, akawekwa kwenye kizimba cha muda, huku na huku spika za matangazo, jua la mchana na mamia ya watu wanaomzomea, huyo hakuoneshi tabia zake. Anavumilia. Wanaowaleta wana nia ya kuwafikia wananchi ambao hawatapata nauli ya kwenda hifadhini, na nia hiyo naiheshimu. Lakini nawaomba, kama wapo wanaosoma, waweke kivuli kwa mnyama kabla ya kuweka kivuli kwa mgeni rasmi. Na mtu mmoja asimame pale mwenye kazi moja tu, ya kueleza.

Mwalimu, umesema watoto walimpita nungunungu. Hili limeniuma kuliko la simba, maana huyo ni wetu. Kila mkulima wa muhogo na karanga kuanzia Newala hadi Nachingwea amewahi kumlaani. Na karibu kila mtoto ameambiwa kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale. Harushi. Miiba yake ni nywele zilizobadilika zikawa ngumu, na hung'oka kwa urahisi zikigusa adui. Akitishwa anasimamisha miiba yote, anakanyaga chini kwa nguvu, anatikisa mkia. Mkiani ana miiba ya pekee, mifupi, minene, yenye uwazi ndani kama mabomba, na ndiyo inayotoa ule mlio wa kayamba. Adui asiposikia, nungunungu hugeuka na kumkimbilia kinyumenyume. Chui na simba wengi wameonekana na miiba imewakaa usoni au kwenye nyayo.

Ni mkubwa kuliko wote wa jamii ya panya barani Afrika. Dume na jike huishi pamoja mwaka hadi mwaka na hulea pamoja. Na anatafuna mifupa. Hali nyama, anatafuta madini yaliyomo, na pia kuyapunguza meno yake ambayo hayaachi kuota. Ndiyo maana mashimo yao hukutwa na mifupa mikavu, na watu wakadhani ni fisi. Niliwahi kuwa na nungunungu ambaye wageni walikuwa wanapita bila kumwangalia, kwa sababu mchana alijikunja kwenye kona. Siku moja jioni nilimwekea mfupa wa paja la ng'ombe, mkavu kabisa. Alikuja taratibu, akaunusa mwanzo hadi mwisho, akaushika kwa miguu ya mbele kama mtoto anayeshika muhindi. Sauti iliyotoka! Ilikuwa kama mtu anakwangua nazi kwenye mbuzi, kwa mpigo usiobadilika. Waliokuwa wameshafika getini walirudi. Mama mmoja alichuchumaa pale na mtoto mgongoni mpaka tukamwomba atoke tufunge.

Chatu nitampitia kwa ufupi, maana wapo watoto wanaomwogopa kwa dhati, na nakusihi usimlazimishe mtoto kumkaribia nyoka. Kwa wasioogopa, wape kazi mbili. Kwanza, wamtazame macho: chatu hana kope za kufumba, kwa hiyo huwezi kujua amelala kwa kuangalia macho. Wahesabu ulimi. Ulimi ukitoka na kurudi, anaonja harufu ya hewa, anajua mpo. Pili, kama mtunzaji yupo na ana nafasi, waombe awaoneshe upande wa chini karibu na mkia. Kuna kucha mbili ndogo, moja kila upande. Ni mabaki ya miguu ya nyuma, maana nyoka wametokana na viumbe waliokuwa na miguu. Mtoto aliyeziona kucha hizo hatamsahau chatu maishani. Tena huyo anayeonekana hafanyi kitu huenda alikula wiki tatu zilizopita na bado anaishi kwa mlo huo.

Kobe wetu wa madoa je? Dume tumbo lake limebonyea kidogo na mkia ni mrefu. Jike tumbo ni bapa na mkia ni mfupi. Gamba lake limeungana na mbavu na uti wa mgongo, hawezi kulivua, na akiguswa juu ya gamba anahisi. Waambie wanaoligonga kwa kijiti kuona kama yupo ndani.

Kugonga kunanikumbusha mamba, naye simwachi. Mamba ndiye mnyama anayerushiwa mawe kuliko wote, sababu ni ile ile: mtu amelipa, anataka asogee. Kwenye bustani niliyofanyia kazi mamba mmoja alipoteza jicho kwa jiwe la kijana aliyekuja na wenzake siku ya sikukuu. Nililiokota lile jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa embe bolibo. Kijana hakuwa mkatili. Nilizungumza naye, akaniambia, “Nilitaka kujua kama ni wa kweli.” Angekuwepo mtu wa kumwambia kwamba yale madoa madogo meusi kwenye taya za mamba huhisi hata tone likianguka majini, na kwamba jike husikia watoto wakilia ndani ya mayai, akafukua kiota, akawabeba mdomoni kwa meno yale yale mpaka kwenye maji, sidhani kama angeokota jiwe. Niliyetakiwa kumwambia ni mimi, na siku hiyo nilikuwa nimepangwa getini kukata tiketi.

Swali lako la mwisho ni hela. Nitakujibu bila kuzunguka: kama safari itakuwa kama ya mwaka jana, nunueni vitabu. Kama una wiki tatu za kuiandaa, wapeleke.

Usiende tarehe 8 Agosti. Siku hiyo ni ya kilele, na viwanja vinafurika. Maonesho huanza tarehe 1, nenda siku za mwanzo, na muondoke Masasi alfajiri ili saa mbili au saa tatu asubuhi muwe mmefika Ngongo kabla jua halijapanda na kabla spika hazijachangamka. Asubuhi na jioni ndipo wanyama wengi huonesha uhai. Wakati huo foleni itawachukua dakika kumi pale ambapo mwaka jana mlisimama saa nzima.

Chagua wanyama watatu tu. Najua wazazi watauliza kwa nini mtoto hakuona wote, lakini mtoto anayepitishwa mbele ya wanyama kumi na tano kwa nusu saa hakuona hata mmoja. Niliwahi kusimama nyuma ya wageni nikihesabu kimoyomoyo: wengi waliondoka kwenye banda kabla sijafika thelathini. Gawa darasa makundi manane, kila kundi libaki kwa mnyama mmoja robo saa. Robo saa ni ndefu, watalalamika. Dakika tano za kwanza hawataona kitu. Kuanzia ya saba au ya nane wataanza kuitana.

Kila mtoto awe na daftari na penseli, na achore. Usimwambie achore mnyama mzima, atachora ile picha aliyoikariri kitabuni. Mwambie achore mguu tu, au sikio tu, au pua. Mwingine ahesabu pumzi za simba kwa dakika moja, halafu ahesabu zake mwenyewe. Mwingine asichore wala asihesabu. Afumbe macho asikilize na kunusa, kisha aandike. Mtoto mwenye shida ya kuona niliyewahi kumwongoza ndiye aliyegundua kwamba fisi wetu ana jino bovu, kwa harufu.

Na muulizeni mtunzaji. Watu huogopa kuwauliza wale vijana wenye magwanda, wanadhani ni askari tu. Wanajua mambo mengi, na wengi wao hakuna anayewauliza zaidi ya “anauma?” Watoto wamuulize huyu mnyama ana jina gani, alikula lini na alikula nini, usiku anafanya nini, ametoka wapi na kwa nini hawezi kurudi porini. Hilo la mwisho mara nyingi lina kisa cha kusikitisha: yatima wa ujangili, aliyenaswa na mtego wa waya, aliyefugwa kinyume cha sheria. Watoto husikiliza visa vya yatima kwa namna yao.

Wiki tatu za maandalizi unaweza kuzianzia hapo hapo shuleni. Masasi mmezungukwa na majabali, na majabali kama hayo ndiyo anayoyapenda pimbi. Asubuhi hutoka kuota jua kwa sababu mwili wake hauwezi kutunza joto vizuri. Ana ukubwa wa paka au sungura, lakini mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, na ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Jioni muwasikilize komba. Wote wanajua msemo wa kulewa kama komba, lakini sijui ni wangapi wanajua kwamba misitu ya mikoa yetu, Rondo na Litipo, ina komba mdogo wa uzito wa gramu 60 hivi, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Sayansi ilimpa jina lake mwaka 1997 tu, likatokana na hiyo Rondo. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na dunia nzima hana kwingine. Amewahi kuorodheshwa kati ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi kutoweka duniani. Kuna sange pia, yule mwenye pua ndefu anayekimbia kwenye majani makavu. Wamtazame wakiwa mbali, wasimkamate. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama ni kwa ajili ya somo.

Na waulize nyumbani kuhusu kakakuona. Porini akionekana, sehemu nyingi za nchi yetu wazee walimwekea maji, nafaka na silaha mbele yake, wakasubiri aende wapi, wapate habari za mwaka. Mambo ya kutabiri siyaamini, lakini fikiria ule umati: watu wazima wamesimama kimya muda mrefu wakimtazama mnyama mpole, asiye na meno, anayetembea polepole, na hakuna aliyeulizia kitu kingine. Walikuwa na jambo la kumsubiri.

Sijui utawachagua wanyama gani watatu, nakuachia mwenyewe. Ila yule mtoto aliyesema hawana kazi, naomba umpe nungunungu. Mpe robo saa yake, na umwambie atafute ile miiba ya mkiani. Akiiona atikise mkono hewani vile mkia unavyotikiswa, wenzake waje. Kisha unitumie mchoro wake. Nitauangalia kwa makini.